Mzee Orval Stidham na Nesi Wake

Waombolezaji wapendwa, kwa niaba ya mama yetu Verna na sisi watoto wake wawili, tunawasomea maisha ya baba.

Marehemu Orval Dean Stidham alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 hapa hapa Pigeon Fork, Kentucky, akasoma shule ya bonde hili hadi darasa la nane, akamfuata baba yake kwenye mgodi wa makaa, alikofanya kazi hadi ulipofungwa mwaka 1986, kisha akaendesha basi la shule hadi alipostaafu mwaka 2009, kazi aliyoipenda kuliko zote, maana alijua kila mtoto anaogopa mbwa wa nyumba gani. Alifunga ndoa na mama tarehe 14 Juni 1969, wakajaliwa Rhonda na Darrell.

Daktari wetu wa mwisho alipohama mwaka 2012, zahanati ikabaki mikononi mwa nesi Kendra Sizemore, aliyesomea kupima, kutibu na kuandika dawa, watu wakanung'unika eti nesi atawatibu nini, baba akawajibu palepale dukani, “Huyo nimempeleka shule mwenyewe, siti ya mbele, nendeni mkatibiwe, acheni maneno,” naye akawa wa kwanza kwenda kupimwa presha.

Kumbe hapo ndipo palipotuponza. Kila alipokwenda, Kendra alimwuliza kama anaona damu chooni, akamsihi akapimwe utumbo, na baba, akiona aibu kumwambia mambo hayo mtoto ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimfungia zipu ya koti, akamjibu, “Choo kinafika kwa wakati, mwanangu, kama basi langu,” wakacheka, akarudi nyumbani na siri yake ya damu. Daktari wa mjini, mgeni asiyemjua, huenda baba angemwambia, lakini alikataa katakata kwenda huko, asije akaonekana amemtupa Kendra.

Februari mwaka huu alianguka jikoni, akakimbizwa hospitali ya Lexington, saratani ya utumbo ikakutwa imeshafika kwenye ini, akafariki nyumbani tarehe 3 Mei, Kendra akiwa amemshika mkono. Inatuuma, tena inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari wa Lexington, majirani mlioleta maharage na mkate wa mahindi, na madereva wenzake mlioegesha mabasi yenu kando ya barabara kumpa heshima. Na wewe Kendra, uliyejificha benchi la nyuma, tumesikia unataka kuacha kazi. Baba alikuambia mbele yetu, “Uliniuliza, mimi ndiye niliyekudanganya,” nasi tunasema hivyo hivyo. Mama ana uvimbe kwenye titi, ameuficha tangu Krismasi, jana ndiyo ametuambia, na ameturuhusu tuseme hapa mbele ya wote, kwa sababu aibu imeshatuulia mtu mmoja. Anasema atakuonyesha wewe, Jumatatu asubuhi, kama utakuwepo.

Baba, pumzika kwa amani, mama tutamsindikiza sisi zahanati hiyo Jumatatu.