Historia ya Marehemu Nanyori Meitamei, Aliyekinga Damu ya Mbuzi Mkata

Bwana asifiwe. Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Mkata na wa Korogwe, familia imenituma mimi Kisemei, mdogo wake marehemu, niwasomee safari ya dada yetu, nami nitaisoma taratibu, mnivumilie.

Marehemu Nanyori alizaliwa tarehe 3 Juni 1957 hapa Mkata, wilaya ya Handeni, mtoto wa pili wa mzee Meitamei na mama Nkoile, wafugaji, akabatizwa mwaka 1965, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, akasoma sekondari Korogwe, kisha akajifunza kazi ya maabara katika chuo cha mifugo na kuhitimu mwaka 1979. Januari 1980 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa mifugo Korogwe, na katika mji huo akakutana na mwalimu Ernesti Semboja, wakafunga ndoa takatifu tarehe 17 Desemba 1983, Mungu akawajalia watoto wawili, Rosa na Meshaki.

Sasa, ndugu zangu, kazi yake. Serikali ilipoingia soko huria, dawa ya majosho iliyokuwa ya bure ikawa ya kununua, wengi hatukuimudu, kupe wakazidi, na mwaka 1989 ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe uletwao na kupe, ikamaliza zizi la baba yetu. Marehemu alilia pamoja nasi, kisha akarudi maabara na swali moja, kwa nini seli za ng'ombe mwenye ndigana hugawanyika bila kukoma mpaka matezi yakavimba. Ndani ya seli mna protini iitwayo kinasi, inayoiamuru seli igawanyike au itulie, na ili kuiona inahitajika kingamwili, kitu kitokacho kwenye damu, kinachoishika protini hiyo moja na kuziacha nyingine zote. Kingamwili hiyo iliagizwa Ulaya, mara mbili ikafika barafu imeshayeyuka, imeharibika, na wakubwa wa maabara wakasema wataalamu wa Dar es Salaam wasipoona nyingine iliyo nzima kabla ya mwaka 1993 kwisha, utafiti ule utafungwa.

Marehemu akaomba aitengeneze mwenyewe. Alipewa na baba mbuzi mmoja, akawa anakuja na basi kutoka Korogwe kumchoma sindano ya kinasi kidogo kidogo, ili damu ya mbuzi ijifunze kuikamata, na majirani wakacheka kwamba binti wa Meitamei amesoma mpaka anamtibu mbuzi asiyeumwa. Baba alimlisha mbuzi yule kuliko alivyotulisha sisi.

Tarehe 18 Novemba 1993 wataalamu walikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kuja kumwona mbuzi na kuchukua damu yake. Baba, kwa heshima ya wageni, aliona hakuna anayefaa kuchinjwa kumshinda yule aliyenona, na kwa kuwa hakujua wageni ni wa dini gani, akamwita jirani yetu mzee Mwinjuma achinje, ili kila mmoja ale bila wasiwasi. Marehemu aliteremka kwenye basi na chupa zake safi, akakuta mbuzi amelazwa na kisu kimeshapita. Hakumlaumu mtu. Alipiga magoti kwenye vumbi na sketi yake ya kazini, akakinga damu chupa baada ya chupa, akisema kwa sauti ya chini tu, "Baba Mwinjuma, usikiachie kichwa, damu isimwagike." Baba alipoulizwa baadaye, alijibu kwamba mgeni aliyesafiri kutwa nzima kwa ajili ya mbuzi haonyeshwi mbuzi kama picha ya ukutani. Wageni wakafika, wakaomba kumwona mbuzi, wakaonyeshwa chupa, wakakaribishwa nyama.

Walikubali kusubiri majibu. Damu iliachwa itulie, maji yake ya juu yakatengwa na kusafishwa, na tarehe 20 Desemba 1993, mbele ya wataalamu wale wale, filamu iliyopiga picha ya protini za seli ilitolewa kwenye dawa ya kuisafisha, ukaonekana mstari mmoja mweusi, mahali pa kinasi, na pengine popote peupe, maana yake kingamwili imeishika kinasi peke yake. Bi Efrazia, mkuu wake wa kazi, alipiga vigelegele koridoni. Utafiti haukufungwa. Maabara za Morogoro na Nairobi zikaomba kingamwili ya Korogwe, nayo ikasafirishwa kwa barafu, ikafika salama, Mungu ni mwema. Baba alipoletewa habari alisema, "Kumbe nilichinja vizuri."

Mwaka 2002 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Dar es Salaam, akarudi kazini, akafundisha vijana kila alilolijua, na Jumapili tarehe 14 Machi 2004, saa kumi na moja alfajiri, Bwana alimwita akiwa nyumbani kwake Korogwe, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi Efrazia na wenzake wa maabara, usharika wake, majirani wote, na mzee Mwinjuma, ambaye leo amekuja mapema kuliko sisi kusimamia wachimba kaburi.

Dada, wanafunzi wako wapo kazini, na mstari ule wanauona kila wanapoutafuta. Lala kwa amani ya Bwana, umeshinda.