Machungwa Yaliyovishwa Muhogo

Boti ya abiria ilipotoka kisiwa cha Chisenga kwenda Nchelenge, Nkulu, mchuuzi wa matunda, alikuwa ameketi nyuma, akitupa ziwani machungwa yake yaliyoota ukungu. Vita vya ng'ambo ya ziwa vilimkawiza kivukoni, mali ikamwozea mikononi.

Mbele yake Chalwe, bwana shamba wa Nchelenge, alikuwa akimwonyesha mama mkimbizi, Régine, chungwa linalong'aa. "Mayo, mama yangu, hili tulichuma zamani, halijaoza. Tumelivalisha ngozi nyembamba ya unga wa muhogo na mafuta ya majani, inakataza ukungu. Ukitupa ile ngozi, udongo unaikula."

Nkulu akaacha kutupa, akatega sikio.

"Unga ya muhogo?" Régine akauliza. "Ku camp batoto banalala njaa, na weye unavalisha matunda?"

"Matunda ikioza, mayo, batoto batakula nini?"

"Mutoto wangu Gaëlle alikufa mu njia ya kukimbia, akilia bukari, ugali yetu. Unga ilikuwa imeisha. Usiniambie mambo ya ngozi."

Chalwe akalishusha chungwa mapajani. "Pole, mayo." Kisha akasema polepole, "Baba yangu alikata michungwa yake yote sababu machungwa yalikuwa yanaoza bila kuuzwa. Na siye tulilala njaa."

Nkulu alitamani kumwuliza Chalwe ngozi ile inapatikana wapi, lakini alipomtazama yule mama, akainamia tena machungwa yake.

Boti ikagusa mchanga. Chalwe akashuka kwanza, akampa Régine mkono. Mama akaupokea, bila kumtazama. Wakaachana njia, na Nkulu akabaki amesimama majini, asijue amfuate bwana shamba amwulize ngozi ile, au mama ampe pole.