Mama Msasa na Sakafu Isiyong'aa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefanya kazi kwenye mabafu ya watu, magoti chini, karibu maisha yake yote. Wateja walimwita Mama Msasa. Alikuwa fundi wa marumaru. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa kazini. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: Mama Msasa, fundi wa marumaru, hatunaye tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Marumaru ya bafuni huchakaa. Sabuni inaganda, chumvi ya maji inajenga ukoko. Halafu mwenye nyumba anamwaga siki akidhani anasafisha, kumbe analiunguza jiwe. Hapo ndipo anapoitwa Mama Msasa. Analowesha ukuta, anawasha mashine, anasugua kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, tope jeupe likimtiririka hadi viwikoni. Akimaliza, ukuta unakuonyesha sura yako.

Aliupenda mno mng'ao huo. Wifi yake anacheka kidogo akisimulia: "Yule hakuwa na haja ya kioo. Wanja alijipaka kwenye ukuta wa mteja!"

Kazi alifundishwa na mumewe. Bafu la nyumbani kwao walilijenga wawili, kwa vipande vya marumaru vilivyobaki kazini. Sakafu yake iling'aa kuliko ya tajiri yeyote. Wageni walipelekwa kuiona kabla hata ya kukaribishwa kiti.

Kisha mume akapata kiharusi. Upande wake wa kushoto ukafa ganzi. Alipopata nafuu kidogo akaenda kuoga, akateleza, akavunjika nyonga. Juu ya sakafu ile ile.

"Mke wangu hakupiga kelele," mzee ananiambia. "Alifunga bomba. Akaniuliza, 'Unaumia wapi?' Basi."

Mume akiwa bado hospitali, Mama Msasa akaingiza mashine bafuni kwake. Safari hii alianza na kuishia kwa msasa mkali. Akaondoa mng'ao wote, mpaka sakafu ikawa butu, yenye kushika unyayo. Wifi akasimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Wifi, umechanganyikiwa? Unaharibu!"

"Siharibu. Namtengenezea kaka yako mahali pa kusimama."

Na kweli, mzee alirudi, akashika ukuta, akasimama. Alioga mwenyewe, mlango umefungwa, akiimba vibaya kama zamani. Tangu hapo, kila mteja mwenye mzee au mgonjwa aliambiwa: ukuta ung'ae, sakafu ising'ae. Wengine walinuna. Wengine walimpigia simu baadaye kumshukuru.

Jumanne alikuwa kwa mteja, anasugua. Akaomba maji ya kunywa, akakaa juu ya ndoo yake. Mteja aliporudi na glasi, Mama Msasa alikuwa ameshaondoka. Ni moyo, walisema madaktari.

Nilikwenda kumpa pole mumewe. Aliniandalia chai kwa mkono mmoja. Alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma tangazo.

"Watu wananiambia, 'Lia, baba, utapata nafuu.' Nitalia. Lakini kwa sasa hakuna kitu, mtangazaji. Ni kama mkono wangu huu. Najua upo. Siusikii."

Binti yao alikuwa jikoni, anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Kwa mzee, kwa binti, kwa wifi: poleni. Poleni sana. Nanyi mnaokwenda pale msibani, msimhimize mtu kulia. Kaeni naye tu.

Na wewe unayenisikiliza, kama unaishi na mtu mzima ambaye miguu yake imechoka, leo ingia bafuni kabla yake. Mwaga maji sakafuni. Vua viatu, ukanyage. Usikie anachokisikia yeye kila asubuhi, bila kukwambia.