Mwalimu Lazima Aweka Chaki Chini

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha Kiingereza katika chuo chetu cha jioni, Mwalimu Lazima anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Vumbi la chaki nalo litapata nafasi ya kutulia.

Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa somo alilolipenda kuliko mshahara: kukisia yaliyopita. Una hakika jambo lilitokea ingawa hukuliona? Sema "must have", yaani lazima. Una wasiwasi? "Might have", yaani huenda. Haiwezekani kabisa? "Can't have". Madereva, wauguzi na mafundi cherehani waliagizwa wayatumie yote matatu. Yeye mwenyewe alibaki na la kwanza. Mwanafunzi akichelewa, lazima alilala. Mwalimu mwenzake akipiga chafya, lazima alikunywa maji baridi. Hakuwa na desturi ya kuuliza, kwa hiyo hakujua alikosea mara ngapi.

Kisha redio ya darasani ikapotea. Mwalimu aliingia kwa mkuu wa chuo akatangaza, kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula, kwamba lazima tarishi wa chuo ndiye aliyeichukua, maana ndiye mwenye funguo. Sarufi haikuwa na dosari, na mkuu wetu wa wakati huo aliheshimu sana sarufi. Tarishi akasimamishwa kazi. Chumba kizima cha walimu kikapatwa na bidii ya ghafla ya kusahihisha madaftari.

Jumatatu iliyofuata mke wa Mwalimu alifika na redio kwapani. Alieleza kwamba mumewe aliibeba mwenyewe siku ya fainali ya mpira, na kwamba yeye amechoka kuipangusa.

Tarishi aliitwa, akakataa kiti. Mwalimu alimwambia kwamba huenda alikosea kidogo.

"Hapo hakuna huenda, Mwalimu," tarishi alisema taratibu. "Watoto wangu wameambiwa baba yao ni mwizi. Sema ulikosea."

Mwalimu alivua miwani. "Nilikukosea, ndugu yangu. Nisamehe."

Tuliomsikia akifundisha miaka yote tunakiri hajawahi kutunga sentensi bora zaidi. Kesho yake aliandika ubaoni kanuni mpya: uliza kwanza, kisia baadaye. Wanafunzi waliishika mara moja. Yeye ilimchukua miaka kadhaa, lakini aliishika.

Mwalimu, asante kwa wote uliowapa ulimi wa pili. Nenda kapumzike, uamke utakapo, na umwache mama watoto amalize sentensi zake. Amesubiri zamu yake muda mrefu. Tunakuombea afya, furaha, na wajukuu wabishi.