Pembe ya Mzee Magesa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na sita kazini, nahodha wetu Mzee Magesa Masatu anastaafu. Niliombwa niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha sherehe. Ijumaa nilikuwa nimeumaliza. Jumamosi jioni nikauchana, na mtaona kwa nini.

Mzee Magesa alizaliwa Kibara, Bunda, akajua kushika tanga kabla ya kujua kusoma. Mwaka 1999 aliajiriwa kuvusha wageni kwa mashua kutoka ufukwe wa Mwisenge hadi kisiwani Nyabwiro, kwenye Kijiji cha Mababu: nyumba za nyasi, maghala na zizi, vyote vimejengwa upya kama walivyoishi watu wa kale. Hajawahi kupindua chombo. Kofia za wageni zilizochukuliwa na upepo amezifuata zote, isipokuwa ya bwana mmoja wa Mwanza, ambayo anasema ilikuwa mbaya.

Alikuwa na mambo yake mawili. Kwanza, chombo kikikaribia kisiwa lazima apige pembe ya ng'ombe mara tatu. Wageni waliipenda, nasi tukaiweka kwenye matangazo: "Mapokezi ya pembe ya kale." Pili, hakuwahi kukanyaga kijijini. Ukimuuliza, anakujibu, "Mimi nabakiaga na chombo." Mwaka 2014 upepo uliezua nyumba kubwa, nikamwagiza aende kusaidia kuezeka. Alikata nyasi, akazifunga vizuri, akazipanga nje ya ua, akarudi zake. Nikamwandikia barua ya onyo kwa kukaidi agizo. Alitia sahihi, akasema, "Sawa, mama."

Basi Jumamosi tukasema haiwezekani mtu astaafu bila kukiona kijiji alichowafikishia maelfu. Tukapanga kumshtukiza. Bi Nyangi, mama wa miaka sabini na minane anayewaonyesha wageni kusaga mtama kwa jiwe, tulimwambia tu apike ugali na sato kwa ajili ya mgeni wa heshima. Tulipotia nanga, Alfonsi na Makoye wa bustanini wakamshika nahodha mikono, wengine tukasukuma kwa nyuma, vigelegele njia nzima. Mzee alijivuta kama fahali anayepelekwa joshoni. Tukadhani ni haya tu.

Lango likafunguliwa. Bi Nyangi akageuka, akamwona. Jamani! Chungu kilimponyoka, akajifunika kanga gubigubi, akapita nyuma ya ghala na kuzama majanini, na miaka yake yote hiyo. Mzee Magesa naye alikuwa ameshalala kifudifudi mchangani. Mkewe Consolata, tuliyemwalika kwa siri bila kumweleza mpango wetu, akaja mbio mikono kichwani: "Mnampeleka kwa mama yangu!"

Nilipigwa na butwaa, na mpaka leo sijapoa. Mama mkwe wake! Kwao mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Watu hawa wamefanya kazi kituo kimoja miaka yote hii, na sisi wa ofisini huku ng'ambo, Iringo, tunaojidai kufundisha mila, hatukujua. Ile pembe haikuwa mapokezi. Alikuwa akimwarifu mama arudi ndani ya ua wasije wakakutana. Na mimi nilimpa mtu onyo kwa kutunza heshima ileile tunayowakatia watu tiketi waje kuiona. Nililia mbele ya wageni, sifichi. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akajibu kwamba mama mkwe hafanywagi habari ya ofisini.

Barua ile nimeitoa kwenye jalada na radhi nimeomba. Consolata anasema kwao mwiko huu una njia ya kuuondoa: mkwe apeleke mbuzi na blanketi, kisha wasalimiane na kula pamoja. Lakini wa kuita ni mama, na Bi Nyangi hakuwahi kuita. Jumatatu ameita. Ujumbe wake ni mfupi: kilichoonwa kimeshaonwa, aje ale.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, msishangae zawadi yetu ya friji imegeuka mbuzi na blanketi. Mzee Magesa, asante kwa kutuvusha salama na kutuvumilia. Tunakuombea uzee mwema, wenye afya na samaki wa kutosha. Leo alasiri unavuka kama mgeni, na Makoye ndiye atakayeshika tanga. Pembe utapiga mwenyewe, mara tatu kama kawaida, na safari hii Bi Nyangi atatoka nje.

Najat Pazi, Ofisi ya Wageni