Tarsisi Kamili na Jembe la Mama Januari

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliotoka mbali, tunaomba mkae, maana maisha ya Tarsisi Kamili yamesimuliwa vibaya kwa miaka kumi, na familia imekusudia kuyasoma leo kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa hapa Ushirombo tarehe 9 Machi, 1931, mtoto wa tatu wa mzee Apolinari Kamili na mama Anisia, akaanza shule ya misheni mwaka 1940, akamaliza darasa la nane mwaka 1949. Mwaka 1951 aliajiriwa kuendesha mashine ya sinema mjini Shinyanga, tarehe 18 Agosti, 1956 akafunga ndoa na Salvina Bartholomeo, wakajaliwa watoto wanne, na Januari 1963 akajiunga na kitengo kidogo cha filamu za elimu mjini Mwanza.

Kazi yake hasa ilikuwa kupiga picha za watu wawili wakizungumza. Alichora mstari wa majivu kutoka kigoda hadi kigoda, na kamera yake haikuuvuka, kwa sababu ukiuvuka, watu waliotazamana huonekana wote wakitazama upande mmoja, kama wanaongoja lori. Mkuu wake, Bwana Onesmo, alimtania, "Tarsisi, wewe mpiga picha au mganga?" naye akajibu, "Mganga hudanganya, bwana mkubwa. Majivu hayadanganyi."

Julai 1977 walitumwa kitongoji cha Igwata, upande wa Bugarama, ambako mradi wa kutafuta dhahabu ulitaka watu wahame. Mjane Mbuke, ambaye sote tunamwita Mama Januari, alitoka shambani jembe likiwa begani, akaitikia salamu ya ofisa wa mradi kwa kuinamisha kichwa, kisha akalaza jembe chini, akaketi, maana kwao hakuna anayejibu jambo zito akiwa na jembe begani. Alipoulizwa kama amekubali kuhama, alisema, "Sihami. Mume wangu amelala hapo nyuma ya nyumba, nimwachie nani?"

Waliporudi Mwanza, Bwana Onesmo aliagiza jibu hilo likatwe, na mahali pake pawekwe picha ya mama akiinamisha kichwa, ionekane amekubali. Tarsisi alikataa. Akaagizwa basi arudi Igwata, ampige mama picha ya uso peke yake, ili jembe lisionekane, akakataa mara ya pili, akasema mbele ya wenzake, "Pale mama alikuwa anasalimiwa, hakuwa anaulizwa." Bwana Onesmo akachukua wembe na gundi, akaunganisha mwenyewe.

Filamu ilionyeshwa Igwata tarehe 17 Septemba. Swali lilipoulizwa, jembe lililokuwa chini likaonekana ghafla begani, uwanja mzima ukaangua kicheko, mama mmoja akapaza sauti, "We Mama Januari, umelibeba saa ngapi?" na wazee wakasema hilo si jibu, wakakataa kutia dole gumba kwenye karatasi za kuhama. Igwata ipo hadi leo.

Tarehe 3 Oktoba marehemu aliachishwa kazi, kwa barua iliyosema ni mzembe wa kuunganisha picha. Wapo walioiamini barua hiyo, na pengine wengine wamekaa hapa uani. Basi wasikie: mkono ule haukuwa wake, naye, aliyejua namna ya kuuficha uongo ule, hakuuficha. Mwaka 1979 aliambiwa akiri kosa kwa maandishi arudishwe kazini, hakuandika hata mstari mmoja, akaishi Buseresere kwa kupiga picha za vitambulisho.

Aliugua kisukari tangu 1984, macho yakapungua nguvu, akalazwa hospitali ya Kolandoto tarehe 2 Mei mwaka huu, akafariki Jumapili, tarehe 14 Juni, 1987, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kolandoto, majirani wa Buseresere, na wale wenzake wawili wa kitengo waliothubutu kuja. Tunamshukuru Mama Januari, aliyefika leo asubuhi, akalaza jembe lake chini pale mlangoni, ndipo akatoa pole. Tunaomba lisisogezwe.

Pumzika kwa amani, Tarsisi. Jembe liko chini.