Kikohozi cha Dakika ya Arobaini na Moja

Marehemu ndugu yetu, fundi wa sauti, alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, mtoto wa nne kati ya watano. Hakulia. Mkunga alimpiga kofi la kwanza, la pili, kimya. Kifuniko cha sufuria kilipoanguka jikoni, kichanga akageuza shingo kuangalia kimeangukia wapi. Anayebisha aniulize mimi dada yake, nilikuwepo.

Alimaliza shule mwaka 1975. Kuanzia 1977 hadi 2016 alirekodi okestra ya redio. Wenzake walijifungia kwenye chumba cha kioo. Yeye alikaa ukumbini, kiti cha mbao, katikati ya wapigaji, na hakukubali kukata na kuunga kanda. “Mkikosea tunaanza upya, wanangu. Mkasi sina.”

Tarehe 14 Agosti 1982 alimwoa mshonaji wa mtaa wa pili. Walijaliwa binti mmoja, mtunzi wa muziki wa okestra. Muziki wake mkubwa una noti nne tu, zinarudi na kurudi dakika hamsini, zikibadilika taratibu kama chai inavyokolea rangi. Nilimuuliza, “Hizo nyingine zilikwisha dukani?” Akacheka: “Subiri, shangazi, bado hujafika.”

Oktoba 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu. Akasema haondoki kabla ya kurekodi kazi hiyo ya bintiye.

“Basi safari hii kaa kwenye kioo, baba,” mkewe alimsihi.

“Mama wee! Mwanangu nimsikilize dirishani?”

Tarehe 3 Machi 2024 alikohoa dakika ya kumi na mbili, akawasimamisha wapigaji thelathini, akawaomba radhi. Kesho yake, dakika ya thelathini. Tarehe 5 alijifunga mdomo kwa skafu ya mkewe, akashikilia kiti kwa mikono miwili. Dakika ya arobaini na moja kikohozi kimoja kikamponyoka. Akainua mkono wasimame. Binti yake, aliyekuwa akiongoza, aliutazama ule mkono, akaendelea. Wapigaji wote wakamfuata. Wakafika mwisho.

Marehemu alifariki hospitalini tarehe 21 Machi, saa nne asubuhi, akiwa ameisikiliza rekodi hiyo mara sita. Hakuomba ikatwe.

Ameacha mjane, binti, dada watatu na kaka mmoja.

Sasa rekodi itapigwa, yote. Hakuna kuinuka, hata wewe wa mlangoni. Dakika ya arobaini na moja mtamsikia. Zikiisha hamsini, tumwache apumzike.